Mashine Iliyoingia Nyumba ya Eda

Mkwe wangu ana televisheni ya zamani, ile ya mgongo mnene, kaiweka chumba cha nyuma kwa sababu hana moyo wa kuitupa. Juzi mjukuu wangu kaibonyeza ikawaka. Kabla ya picha ikatangulia harufu: vumbi linaloungua pole pole, joto joto, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shuka. Mimi nilikuwa mlangoni juu ya mbuzi, nakuna nazi. Mkono ukasimama. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, umeona nini?" Nikamwambia sikuona kitu, nimenusa.

Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Na musidhani nasema na vikongwe. Mimi ni bibi mwenye meno yake yote. Niliolewa mapema, nikazaa mapema, binti yangu naye hakuchelewa, na sasa nikiitwa bibi nageuka kwa raha zangu zote. Shule sikuimaliza. Haya nayaandika kama ninavyoyasema, na anayetaka maneno ya kupigwa pasi akayatafute kwa wenye vyeti.

Harufu ile kwangu ni ya Shangazi Zuhura, na ya masika aliyofiwa na mumewe.

Tulikaa Kajificheni, humo Mji Mkongwe, nyumba ya bibi yangu, mama wa baba. Yeye ndiye aliyenilea. Shangazi Zuhura alikuwa kitinda mimba wake, na yeye na mumewe walikaa chumba cha juu. Asubuhi Shangazi akivaa buibui lake anakwenda Mkunazini, dukani kwa Mzee Jivan. Duka lile zamani lilikuwa la vitambaa. Vitambaa vilipokosa wanunuzi, Mzee Jivan akaleta kompyuta na laini ya simu, akawa anapeleka na kupokea barua za watu wenye jamaa zao Maskati, London na Kanada. Unamtajia maneno yako Shangazi, anayapiga kwa vidole vyote kumi bila kutazama, na kesho unarudi kuuliza jawabu. Watu walikuja hata kutoka Mkokotoni, wakakaa barazani kungoja, wengine na vikapu vya samaki mpaka Mzee Jivan akawaomba vikapu vikae upande wa pili wa njia.

Ile mashine haikuwa kama za watu wengine. Ilikuwa inaendeshwa na programu iitwayo Linux. Jina hilo nililijua kabla sijajua jina la mkuu wa mkoa. Aliiweka mwalimu mmoja mgeni aliyepanga juu ya duka, akamfundisha Shangazi kila kitu chake, kisha akarudi kwao. Ukiiwasha inaanza na maandishi meupe juu ya weusi, mistari inapanda mbio. Ikitulia unaiandikia neno lake, ndipo picha inafunguka. Mjini pale hakukuwa na mwengine aliyejua kuisemesha isipokuwa Shangazi. Alikuwa na kiti chake cha mbao mbele yake, na mto alioushona mwenyewe, na akikaa pale hata sauti yake ilibadilika.

Mumewe alikufa kwa homa ya siku chache. Sitaieleza. Shangazi akaingia eda.

Mnaojua mnajua. Mwanamke aliyefiwa anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hapaki hina wala wanja, hajifukizi udi, na mwanamume wa kando hamsemeshi. Kuna nyumba zinazolegeza hapa na pale. Nyumba ya Bibi haikulegeza kitu. Redio ilizimwa, na kioo kikubwa cha kabati Bibi alikifunika shuka jeupe. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Kwa sababu nimekifunika."

Mvua zilikuwa kubwa mwaka ule. Asubuhi moja Shangazi akanituma kupeleka ufunguo wa saraka ya meza ya dukani aliokuwa nao. Nikafika, nikamwamkia Mzee Jivan, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, mtoto," lakini mimi sikuwa namtazama yeye. Mashine ilikuwa imefunikwa shuka jeupe, kama kioo chetu.

Nikajua nayo imeingia eda. Wala sikuona ajabu. Ilimjua marehemu, kila magharibi ikikaribia alikuwa anakuja kumchukua mkewe, anasimama nyuma ya kiti chake akingoja amalize. Niliona imefanya jambo la heshima.

"Imefunikwa tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu dari livuje," akasema Mzee Jivan. "Radi ilipiga, skrini ikafa. Nimeleta nyengine ya mtumba kutoka Dar, na meza nimeihamisha kutoka kwenye maji nikaileta huku kwenye ukuta mkavu. Lakini hii skrini mpya inafanya wazimu. Njoo uone, ukamwambie shangazi yako."

Akaiwasha. Harufu ya vumbi la moto ikaja. Maandishi meupe yakapanda, yakatulia. Mzee Jivan akaandika lile neno kwa kidole kimoja, picha ikafunguka, na mimi nikashika mdomo. Picha ilikuwa imechanika mapande, kila kitu kimekuwa vitatu vyembamba, vimelala mshazari, na vyote vinateremka, vinateremka, vikifika chini vinaanza tena juu. Nilikuwa nimeona uso wa namna hiyo mara nyingi wiki zile. Nikaisogelea nikaiambia pole pole, "Pole. Mungu amrehemu."

"Unasema na nani?" akauliza Mzee Jivan.

"Na yeye."

Mzee Jivan alinitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakunicheka. Akasema, "Sikiliza. Mwambie shangazi yako, kwa adabu zote, mimi simharakishi. Lakini Haresh, mtoto wa ndugu yangu, anakuja na boti ya Jumamosi. Anasema ataifuta yote, aweke ile wanayotumia watu wote, na ana kijana wake anayeijua wa kukaa hapo. Watu wa barua wamejaa barazani. Mimi sina la kumjibu."

Nilikuwa mtoto lakini si mpumbavu. Nilikielewa kile kiti kinakwenda wapi.

Nyumbani nilimkuta Shangazi kwenye mkeka, na Bibi kando yake anashona kofia. Nikayasema yote. Ya Haresh akayasikiliza bila kuinua uso. Ya skrini akainua.

"Ilikuwaje?"

"Inalia."

"Mashine hailii. Niambie ulichokiona."

"Nimeona inalia, Shangazi."

Akavuta kanga iliyokuwa miguuni pake, akaitandaza juu ya mkeka. "Hii ndiyo skrini. Huu mji wake katikati, hili pindo lake pembeni. Nionyeshe."

Nikaishika kwa ncha nikaivuta mshazari mpaka pindo likapanda juu ya mji. Halafu nikaikunja, ule mji mmoja ukawa mitatu myembamba imepangana. "Hivi. Na inateremka."

"Na yale maandishi meupe ya mwanzo, kabla ya picha?"

"Hayo yametulia. Kama ubaoni."

Aliitazama ile kanga iliyosokotwa kwa muda. Halafu akasema kwa ile sauti yake ya dukani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba: "Basi skrini ni nzima. Umeshawaona watu wawili wakitwanga kinu kimoja?"

"Ndiyo."

"Mmoja akibadilisha mwendo bila kumwambia mwenziwe?"

"Michi inagongana."

"Ndiyo hivyo. Mashine bado inatwanga kwa mwendo wa ile skrini iliyokufa. Haijui kama mwenziwe kaondoka, na huyu aliyekaa mahali pake ni mwengine." Bibi akaisogeza kofia karibu na macho, sindano imesimama.

Kila skrini, akaniambia, ina mwendo wake, nao umeandikwa kwenye kibandiko mgongoni. Basi nikarudi Mkunazini, nikaingia nyuma ya meza kwenye utando wa buibui, nikazinakili zile tarakimu kwa kalamu ya wino mkononi mwangu, kutoka kifundo mpaka kiwiko, kwa sababu karatasi ingelowa na mvua. Niliporudi Bibi akanishika mkono mlangoni.

"Nani kakuchanja?"

"Si chanjo, Bibi. Ni mwendo wa skrini."

"Nyumba ya eda, na mtoto kajichora kama mwari," akasema, lakini alikuwa kishaniachia.

Shangazi akazisoma tarakimu mkononi mwangu, akapiga hesabu zake kichwani. Ilitakiwa mistari miwili ibadilishwe ndani ya faili moja la mashine. Akachukua karatasi aandike. Bibi akaiweka kofia chini.

"Mwandiko wa mwanamke wa eda hauendi mkononi kwa mwanamume."

"Mama, ni tarakimu."

"Tarakimu za nani?"

Sheria hiyo mpaka leo sijaikuta kwa shekhe yeyote. Nadhani ilikuwa ya Bibi peke yake. Lakini katika nyumba ile, ya Bibi peke yake ndiyo iliyokuwa inatosha.

Shangazi akanigeukia. "Wewe chuoni umefika wapi?"

"Nimehifadhi juzuu ya Amma yote."

"Basi hifadhi na hii."

Akanisomea, nikamfuatisha, kama tulivyokuwa tukifuatisha Kurani chuoni: herufi moja moja, tarakimu moja moja, mwili unakwenda mbele na nyuma. Kwanza Mzee Jivan anakili faili la zamani aliweke pembeni, asije akaharibu akakosa pa kurudia. Halafu afungue faili. Halafu mstari wa kwanza, halafu wa pili. Sikuelewa hata neno moja. Kuelewa si kazi ya anayehifadhi. Mwishoni akanishika bega.

"Na jengine. Akiiwasha, usikilize. Ikitoa mlio mwembamba kama mbu ndani ya sikio, mwambie azime papo hapo, ataiunguza. Yeye hatausikia. Masikio ya wazee hayaushiki. Wewe utausikia."

Nilikwenda njia nzima nikisoma, sikujibu salamu ya mtu. Dukani Mzee Jivan akaweka kidole chake juu ya kibodi, nami nikafumba macho nikaanza kuyumba. Nikisema herufi, anatafuta, anapiga, anasema, "Haya." Nikamaliza mstari wa pili, na kwa vile nilikuwa nimemaliza, nikavuta sauti kama chuoni tukifunga kisomo: "Sadakallahu l-adhim."

Kidole cha Mzee Jivan kikabaki juu. "Na hiyo pia niandike?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa barazani akingoja barua ya mwanawe alicheka mpaka akakaa chini.

Mzee Jivan akaizima, akaiwasha upya. Nikasogeza sikio mpaka nywele zangu zikasimama kwa ule umeme wa kioo. Hakukuwa na mbu. Picha ikafunguka, nzima, imenyooka, mji katikati na pindo pembeni. Mzee Jivan akasema jambo kwa Kigujarati. Mimi nikaiambia mashine, "Umeona?"

Haikupita muda, tukiwa bado tunaitazama, ikaanza kutetemeka. Haikuchanika tena. Ilitetemeka tu, kila herufi imekuwa na kivuli chake, ukisoma mstari mmoja macho yanatoka machozi. Ikatulia. Tukangoja. Ikatetemeka tena.

Nilirudi nyumbani nimelowa. Nikaishika kanga kwa ncha mbili nikaitikisa kidogo kidogo, nikaacha, nikaitikisa tena. Shangazi akaniuliza pembeni yake kuna nini. Nikasema ukuta. Na nyuma yake? Ukuta. Kuna feni, kuna spika, kuna chochote? Hakuna, mashine iko peke yake kwenye kona. Aliniuliza mara nyingi, na mimi nilimjibu hayo hayo.

"Basi inaumwa," akasema mwishowe. "Na hii siwezi kuitibu kwa kanga. Mpaka niione." Akamgeukia Bibi. "Mama. Mchana, kwa haja, nimejifunika, nende na mtoto, nirudi. Sheria inaruhusu."

"Inaruhusu," akasema Bibi. "Mimi siruhusu."

"Kesho kutwa Jumamosi."

"Najua siku za wiki."

Shangazi hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha. Akasema, "Mama, mume wangu kaondoka, hilo kalitaka Mungu. Kiti changu hajakitaka Mungu. Anakitaka Haresh. Nikitoka eda nikakuta na kazi imekwenda, niamkie nini?"

Bibi alishona mpaka uzi ukamwishia, akakunja kofia yake, akaenda kutawadha. Mimi nililala nikiwa na hakika kwamba yamekwisha.

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta Bibi kasimama mlangoni, kajifunga kanga kiunoni kama mwenye kazi. "Rukia," akaniita.

"Naam, Bibi."

"Nenda kwa Jivan. Mwambie hivi. Mwanamke wa eda hatoki. Lakini hakuna aliyesema mashine haiingii."

Hamali akaileta na rikwama kabla ya sala ya Ijumaa, imefunikwa lile lile shuka jeupe kwa sababu ya manyunyu, na Mzee Jivan nyuma yake na mwavuli, anaushika mwavuli ule si juu yake bali juu ya shuka. Kichochoro chote kilitoka madirishani. Jirani wa mbele akauliza kama tumeletewa friji. Mimi nilijua vizuri kilicholetwa. Wiki zile zote watu walikuwa wanapanda ngazi zetu, wanakaa na Shangazi, wanamshika mkono. Mashine nayo imekuja kuhani, kutoa pole. Imechelewa, lakini nayo ilikuwa na msiba wake.

Bibi akamzuia hamali mlangoni. "Ndani yake mna sauti ya mwanamume?"

Mzee Jivan alifikiri kwa adabu. "Hamna, Bi Mkubwa. Spika yake ilikufa zamani."

"Ipandishe."

Ikawekwa juu ya meza ya kulia, hamali akashuka. Shangazi akakaa upande wa ndani wa pazia, na Mzee Jivan akakaa ngazini upande wa nje, magoti juu, mwavuli unadondosha maji. Bibi alikaa katikati kama ukuta mwengine. Pazia lilikuwa la kitambaa chepesi, kila mmoja anamsikia mwenziwe hata akimeza mate.

"Bi Mkubwa," akasema Mzee Jivan, "muulizeni kama umeme wa hapa unatosha."

"Zuhura, anauliza umeme unatosha?"

"Unatosha, Mama."

"Anasema unatosha."

"Nashukuru. Muulizeni kama anahitaji taa."

"Ana macho," akasema Bibi bila hata kumuuliza.

Shangazi akaiwasha. Ile harufu ikaenea chumba kizima, chumba ambacho kwa wiki hizo hakikunusa udi wala asmini. Vidole vyake vikashuka juu ya kibodi, na mimi nilikuwa namtazama yeye, si skrini. Mabega yake yalikaa pahala pake. Akaandika neno, picha ikafunguka.

Tukangoja itetemeke. Haikutetemeka. Tukangoja zaidi. Mzee Jivan akaulizia kupitia kwa Bibi, Bibi akajibu bado. Shangazi akaigonga ubavuni kwa kiganja, akachomoa waya wake, akakagua vile vijino vya ndani kimoja kimoja kama mama anayetafuta chawa, akauchomeka. Picha ilikaa kimya kama bwawa.

"Haina ugonjwa," akasema Shangazi, na sauti yake ilishuka, kwa sababu kisichoumwa hakitibiki. Mashine ikirudi dukani itatetemeka, na kesho Haresh atashuka kwenye boti.

Mimi nilijua sababu. Imeshamuona, basi imetulia. Nilitaka kusema, nikamtazama Bibi, nikanyamaza.

"Wewe umesema ikitetemeka inaacha," Shangazi akaniambia. "Inaacha, halafu inaanza tena. Kwa mwendo gani? Niambie kitu unachokijua chenye mwendo huo. Kinafanya kazi, kinapumzika, kinafanya kazi."

Nikafikiri. Kwetu hakukuwa na kingi cha kuchagua. "Friji ya jirani wa mbele," nikasema. "Ikinguruma taa inafifia. Halafu inanyamaza."

"Dukani hakuna friji," akasema Mzee Jivan kutoka ngazini, kajisahau, moja kwa moja. Bibi alimtazama mpaka pazia likapata joto. "Mwambieni, Bi Mkubwa, dukani hakuna friji. Friza liko kwa jirani, muuza askrimu, upande wa pili. Na katikati kuna ukuta."

Na hapo sote tukakubali, kwa kuwa kuta za Mji Mkongwe tunazijua. Mawe na chokaa, unene wake mtu analala humo. Watu wamegombana na kupatana na kuzaa watoto nyuma ya kuta hizo, na jirani asisikie. Hata Shangazi, na ujuzi wake wote, alitikisa kichwa akaliacha lile friza lipite.

Bibi ndiye hakukubali. "Meza umeiweka wapi?" akamuuliza Mzee Jivan.

"Kwenye kile kidaka kikubwa cha ukutani, Bi Mkubwa, mkono wa kushoto. Ndipo pakavu."

"Pale si kidaka."

"Ni kidaka, Bi Mkubwa. Kina tao juu."

"Mimi nimeingia nyumba hiyo nikiwa na umri wa huyu," akasema Bibi, akaninyooshea kidole, "kuja kucheza, kabla haijakatwa mapande mawili. Pale ni mlango. Baba yako aliuziba kwa vipande vya mbao na chokaa, wakati wa harusi ya dada yako, akasema atakuja kuujenga kwa mawe baadaye. Kaujenga?"

Tone la mwavuli likaanguka ngazini. "Sidhani," akasema Mzee Jivan.

Shangazi alikuwa kishasimama. "Mama, muulize friza la jirani lina stabilaiza. Lile kasha zito la umeme. Limetundikwa wapi."

Bibi hata hakupata nafasi ya kuuliza. "Nyuma ya hapo hapo," akasema Mzee Jivan. "Nilimsaidia kulitundika mimi."

Shangazi akatueleza kwamba kasha lile lina sumaku ndani yake kila friza linapofanya kazi, na sumaku hailijui pazia wala ubao, na picha ya skrini ile ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kuvutwa. Alieleza kwa sauti iliyojaa, mikono inakwenda, mpaka akagundua kwamba anamweleza Mzee Jivan moja kwa moja naye anamjibu moja kwa moja. Wote wawili wakamgeukia Bibi.

Bibi alikuwa anatazama dirishani. "Mvua imepungua," akasema. "Teremsheni chombo chenu."

Jioni ile meza ikahamia ukuta wa mbele, chini ya dirisha, ndoo ikawekwa pale panapovuja. Nilikaa nikaitazama mpaka adhana ya magharibi. Friza la jirani likanguruma, likanyamaza, likanguruma. Herufi hazikutikisika hata moja.

Jumamosi nilikuwa dukani kabla ya boti. Haresh akaja, kijana mrefu, mtanashati, diski zake kazifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Alisalimia watu wote, hakuwa mtu mbaya. Aliisogelea mashine, akatazama, akasema, "Mbona imetulia? Nani kaitengeneza?"

"Mwenyewe," akasema Mzee Jivan.

"Si umesema hayupo, yuko eda?"

"Yuko eda."

Haresh akangoja aelezwe, hakuelezwa. Akacheka kidogo, akavuta kile kiti cha mbao ili akae aione vizuri. Mzee Jivan alikuwa anapanga bahasha. Hakuinua kichwa.

"Hicho kina mwenyewe. Kaa kwenye sanduku."

Haresh akatazama kiti, akatazama ule mto, akakirudisha. Akakaa kwenye sanduku, magoti yamemfika kidevuni, akaagiza chai.

Sikungoja chai. Nilikimbia Mkunazini mpaka Kajificheni, nikapanda ngazi, nikamkuta Shangazi mahali pake kwenye mkeka, kaniinulia uso. Nikamwambia neno kwa neno, na kile kiti kilivyovutwa, na kilivyorudishwa.

"Alisema hivyo? Kina mwenyewe?"

"Hivyo hivyo. Hata hakuinua kichwa."

Tangu siku ya msiba Shangazi alikuwa akila kwa kulazimishwa. Bibi alikuwa akimpakulia, akimkalia mbele, akimhesabia matonge kama mtoto mgonjwa, na nusu ya sahani ikirudi jikoni kila siku. Sasa akanyoosha pindo la mkeka kwa kidole. Halafu akasema, kama mtu aliyekumbuka shughuli ndogo, "Mama, kuna wali?"

Bibi alikuwa kishasimama, mwiko mkononi.